Mikono Yote ya Kushoto

Kila karakana ya ushonaji ina mikasi, lakini hii ilikuwa na mikasi na ilikuwa na Mkasi. Mikasi ilikuwa ya kukatia nyuzi, midogo midogo, imezagaa mezani na haina mwenyewe. Mkasi ulikuwa mzito, mpini mweusi, unapita kwenye rundo la vitambaa bila kukohoa. Huo ulikuwa na mwenyewe, naye ni msimamizi wa karakana, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Mama Mkasi hata na mumewe.

"Mkasi ni kama mswaki," alizoea kuwaambia mafundi. "Hauazimwi."

Jioni aliuviringisha kwenye kitambaa cha flana, akautia mkobani, akaenda nao nyumbani. Asubuhi akichelewa, mafundi walikaa mbele ya cherehani zao wakipiga soga, maana nguo haishonwi kabla haijakatwa, na ruhusa ya kukata ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Usidhani ni roho mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka mingi nyuma Mama Mkasi aliugua mafua, akamwachia kazi ya kukata fundi mmoja anayeitwa Kasuku, mwanamke anayeshona kola kwa kasi na kuongea kwa kasi zaidi. Sasa, mkono wa nguo si bomba. Una mbele na nyuma, na wa kulia haufanani na wa kushoto. Ukitandika kitambaa, sharti tabaka moja litazame juu na jingine litazame chini, ndipo upate jozi. Kasuku alitandika yote yakitazama juu, huku akisimulia harusi ya shangazi yake, akakata. Mama Mkasi aliporudi alikuta rundo la mikono mizuri, imekatwa safi, yote ya kushoto. Kilikuwa kitambaa cha mirabaraba chenye nje na ndani, hakigeuziki. Mikono ile iliishia kuwa vitambaa vya kufutia cherehani, na kila Kasuku alipofuta cherehani yake alikumbuka. Mkasi nao tangu siku hiyo haukuguswa na mtu mwingine.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwenye karakana alipoamua kupumzika. Huyu alikuwa bibi mmoja mfupi, mjane, asiyepoteza neno. Alimwita Mama Mkasi ofisini, chumba kidogo chenye meza moja na majora ya vitambaa hadi darini.

"Mwanangu, nahamia kwa binti yangu," alisema. "Magoti yamekataa ngazi. Yule mfanyabiashara wa saruji anataka jengo hili liwe ghala lake. Analitaka sana. Lakini kabla sijamjibu, nakuuliza wewe. Mimi nikiondoka, na wewe nawe siku moja ukichoka, hapa patakuwa nini? Nataka kuona dira. Nikiridhika, nakuachia uendeshe. Nisiporidhika, mwanangu, saruji."

"Lini Bibi?"

"Ijumaa ya kukabidhi magauni ya wauguzi. Nitakuja nione."

Mama Mkasi alirudi karakanani. Aliwatazama mafundi wake. Kuna Kasuku, anayelea watoto peke yake kwa kola zile. Kuna mzee mmoja wa suruali, anayeitwa Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbilia kitu chochote isipokuwa chai, na ambaye kwa umri ule hakuna atakayemwajiri tena popote. Kuna wengine wa mapindo, wa vifungo, wa pasi. Wote hao, saruji.

Akasikia kuna semina ya siku moja ya viongozi, akaenda. Mwezeshaji alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na alisema mambo mazuri kweli: kiongozi bila dira ni dereva aliyefumba macho, dira iandikwe mahali pa wazi, kazini na nyumbani, watu waione kila siku hadi iwaingie damuni. Mama Mkasi alirudi na cheti, kalamu ya bure na moto kifuani. Kesho yake alimleta mchora mabango, akamwamuru aandike ukutani kwa herufi kubwa:

TUWE KARAKANA BORA, YA KISASA, YENYE UBUNIFU, UADILIFU NA MAFANIKIO ENDELEVU.

Mchora mabango alianza kwa mbwembwe, herufi pana pana, bila kupima. Fundi cherehani angepima kwanza. Alipofika kwenye MAFANIKIO ukuta ukamwishia, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha neno la mwisho akaliandika kwenye mlango wa choo.

Kuanzia siku hiyo mafundi hawakwenda tena chooni. "Nafika Endelevu mara moja," walisema, na aliyekawia huko aliambiwa amepata mafanikio. Mama Mkasi aliwakata jicho. Alipowauliza dira inasemaje, Taratibu alijibu kwamba inaanza na "tuwe" na inaishia chooni, katikati ndipo panamchanganya.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Alibandika karatasi kwenye friji: FAMILIA MOJA, LENGO MOJA, MBELE DAIMA. Akaitisha kikao. Familia yenyewe ni watu watatu: yeye, mumewe ambaye ni kinyozi, na binti yao aliyemaliza shule mwaka huo.

"Lengo lenyewe lipi?" mumewe aliuliza, amejilaza kwenye kochi.

"Ndilo tunalitafuta."

"Basi likionekana mniamshe."

"Mimi ninalo," binti alisema. "Liwe kwamba na mimi nipike humu ndani."

"Utapika ukijua kupika."

"Nitajuaje bila kupika, Mama?"

"Usinijibu kama mwenzio."

Ukweli ni kwamba binti aliwahi kupika. Maharage, siku moja mama alipochelewa kazini. Mama Mkasi alirudi, akaonja. Alirudisha sufuria motoni, akaongeza chumvi, akakaanga kitunguu kingine, akayapika upya yote binti akiwa amesimama palepale na mwiko mkononi. Usiku huo binti alikunywa chai kwa mkate. Hakugusa tena sufuria, na mama yake alikuwa akiwalalamikia majirani kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu.

Siku chache kabla ya ile Ijumaa, Mama Mkasi aliona vumbi kwenye neno UBUNIFU. Bibi anakuja na dira ina vumbi! Akachukua stuli, akapanda na kitambaa, akaanza kufuta. Mguu wa stuli ulikuwa umekanyaga kipande cha bitana, na bitana unaijua inavyoteleza. Stuli ikaenda kwake, Mama Mkasi naye akaenda kwake, akatua juu ya mkono wake wa kulia. Mfupa ulilia mpaka Taratibu akakimbia.

Hospitalini walimfunga plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Daktari akamwambia mkono huo usishike kitu mpaka yeye aseme.

"Hata mkasi?" aliuliza.

"Hasa mkasi," alijibu mumewe, kabla daktari hajafungua kinywa.

Jora zima la kitambaa cheupe cha wauguzi lilikuwa mezani halijaguswa. Asubuhi yake Kasuku alipiga simu.

"Fundi, pole sana jamani. Sasa tufanye nini?"

"Subirini."

"Tusubiri nini?"

Mama Mkasi alikata simu, akatoa mkasi mkobani, akachukua shuka kuukuu na kujaribu kwa mkono wa kushoto. Mkasi wa mkono wa kulia ukishikwa kwa kushoto haukati, unatafuna. Alihangaika na lile shuka hadi likaonekana limeliwa na panya. Mumewe alipokuja kuchukua kofia yake akamkuta jasho linamtoka.

"Mke wangu," alisema, akakaa karibu naye. "Mwenzangu pale saluni nilimfundisha kunyoa kwenye kichwa changu mwenyewe. Unakumbuka nilivyovaa kofia mwezi mzima?"

"Ulionekana kama nazi iliyofuliwa na mlevi."

"Nilikuwa kichekesho, sikatai. Lakini leo nikienda msibani, saluni iko wazi."

Akaondoka. Binti akaja kumfunga mama yake vifungo vya blauzi, maana kwa mkono mmoja hata kifungo ni mlima.

"Anzia chini," Mama Mkasi alimwambia. "Sio hivyo. Kishike kwa kidole gumba. Sasa ingiza, usivute."

Binti akaacha. "Mama, hata kifungo unanisimamia. Unaogopa nini?"

"Naogopa wataharibu. Tena kitambaa chote."

"Na wasipokata?"

"Bibi atauza jengo."

"Sasa hapo kipi kimeharibika zaidi?"

Mama Mkasi alikasirika kwa sababu alikuwa amekwisha kujiuliza swali hilohilo tangu alfajiri, na hakupenda kulisikia kwa sauti ya mtoto. Kisha akasema, "Leta mkoba wangu. Twende."

Njiani binti alibeba mkoba na kutoa masharti. "Ukishampa mtu mkasi, unakaa kimya."

"Nitakaa."

"Mama."

"Nimesema nitakaa! Unataka niape?"

Karakana ilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Mama Mkasi aliingia moja kwa moja hadi meza ya kukatia, akamwambia binti aifungue ile flana, na akausukuma mkasi kwa mkono wake wa kushoto mpaka mbele ya Kasuku. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Kasuku alikosa la kusema.

"Mimi?" alisema mwishowe. "Fundi, umesahau?"

"Sijasahau. Kata."

Taratibu alishika kitambaa upande mmoja, Kasuku akaweka patani ya karatasi, akapiga chaki. Alianza na mwili wa gauni, mbele, kisha mgongo, na kila alipomaliza alimtupia Mama Mkasi jicho. Mama Mkasi alikuwa amekaa kwenye stuli ileile iliyomwangusha, ameuma mdomo, akijifunza upya jinsi ya kunyamaza. Kazi hiyo ilimchosha kuliko kukata. Baadaye aliona haja ya kwenda Endelevu, na kwa kuwa mkono ulikuwa mmoja, binti akamsindikiza.

Waliporudi, Kasuku alikuwa amemaliza mikono. Rundo lilikuwa mezani, limenyooka, kingo safi. Mama Mkasi alilitazama mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili.

Yote ya kushoto.

Kasuku aliuona uso wa Mama Mkasi, akatazama rundo. Mkasi ukamdondoka mezani. Wa mapindo akaacha mapindo, wa pasi akaiinua pasi akabaki nayo hewani. Jora lilikuwa moja, na kitambaa kingine cha kutengeneza mikono hakikuwapo. Mama Mkasi alikuwa kama anayaona malori ya saruji yakipaki mlangoni.

Akafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, yamekaa kwenye ncha ya ulimi tangu miaka ile: *Sikusema mimi?* Kasuku alikuwa anayangoja. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja ndoo ya maji, na ni hicho kichwa kilichomuumiza Mama Mkasi kuliko mkono. Amekuwa akikiinamisha hivyo miaka yote hii, kila akikishika kitambaa cha kufutia. Binti aliweka mkono begani kwa mama yake.

Mama Mkasi akayameza. Yalishuka kama kidonge bila maji.

"Tukae," alisema. "Tufikiri."

Kasuku akaangua kilio. Akachukua mkono mmoja wa gauni pale juu, akaupeleka puani.

"We!" Taratibu alimaka. "Utajifutia makamasi kwa oda ya watu?" Akampokonya, akaukung'uta, akautupa mezani. Ukatua umepinduka, upande wa chini umekuwa juu.

Wakautazama wote. Taratibu akauinamia kwa taratibu zake. Akauweka kando ya mwenzake, akaisogeza karibu. Mmoja ulipindia huku, mwingine kule.

"Hii ni jozi," alisema.

Mama Mkasi alisimama. Kitambaa cheupe kitupu! Hakina mirabaraba, hakina maua, hakina nje wala ndani. Mkono wa kushoto ukiugeuza ni wa kulia, na nusu ya rundo wakiigeuza hakuna kilichopotea hata uzi mmoja. Hata anayejifunza cherehani analijua hilo, na wao wote, yeye mwenyewe wa kwanza, hofu iliwafumba macho wasilione. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka plasta ikamgongagonga kifuani, na Kasuku akacheka na machozi yake, na wa pasi akakumbuka pasi.

Alipotulia, kuna jambo lilimjia waziwazi likamfanya aone haya. Miaka yote hiyo alikuwa amemnyang'anya Kasuku mkasi, amemkumbusha, amemtania mbele za watu. Kumwonyesha namna ya kutandika, hajawahi hata siku moja.

"Njoo hapa," alimwambia. "Na wewe mzee, njooni wote. Mkono wangu umevunjika, mdomo mzima. Siku tutakayopata kitambaa chenye maua tutafanyaje?"

Akawaonyesha kwa maneno, kwa mabaki ya kitambaa, kila mmoja kwa zamu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye alikuwa amevunja chawa kwa kidole kimoja miaka mingi na kujisifia. Taratibu alikata vizuri kuliko wote, kwa sababu hakuwa na haraka. Jioni Mama Mkasi alifika mlangoni, binti akamkumbusha mkasi. Akageuka, akautazama pale mezani. Moyo ulimvuta, nisikufiche. Lakini wenzake wangeingia asubuhi kabla yake.

"Uache," alisema.

Ijumaa alikuwa na miadi ya hospitali, na foleni ya hospitali haijui kama una shida. Alitoka huko amechelewa vibaya. Alikimbia nusu ya njia na kutembea nusu, akikariri dira kwa sauti: bora, ya kisasa, yenye ubunifu, yenye nini tena? Alifika akihema. Bibi alikuwa amefika zamani. Ameketi kwenye kiti pembeni, fimbo magotini, magauni meupe yamepangwa mbele yake, yamepigwa pasi. Mezani Kasuku alikuwa anakata oda nyingine, huku anasimulia habari za shangazi yake yuleyule, na mkasi haukosei njia.

"Shikamoo Bibi. Nisamehe, nilikuwa hospitali. Dira ipo, nimeiandika pale ukutani, naomba nikuelezee..."

"Ipi? Mimi nimeona neno moja tu, mlangoni chooni." Bibi akajisogeza kitini. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nikingoja wakwambie uje. Hakuna aliyekupigia simu."

Mama Mkasi akaitoa simu mkobani, akaitazama. Ni kweli, simu haikulia.

"Nikasimama karibu na yule wa kola nimwulize dira ni nini. Unajua alichonijibu? 'Bibi, samahani, sogea kidogo, unanizibia mwanga.'"

"Bibi, nisamehe, nilikuwa nimezama kazini..." Kasuku alianza.

"Wewe kata," Bibi alimwambia. Kisha akamgeukia Mama Mkasi, na sauti yake ikapungua. "Nilikuuliza siku wewe hupo hapa patakuwa nini. Leo hukuwepo. Nimeona. Yule wa saruji nitamwambia atafute ghala kwingine."

Mama Mkasi alitaka kushukuru kwa maneno ya kiongozi, yale ya semina, lakini yote yalimkimbia. Akashika mkono wa yule bibi kwa mkono wake mmoja mzima, akalia kama mtoto mbele ya mafundi wake, na hakuna aliyemcheka. Taratibu alisema atakwenda kunywa chai kidogo, akaenda kufutia macho Endelevu.

Alirudi nyumbani jua bado lipo, mkoba mwepesi begani. Mumewe alikuwa sebuleni. Jikoni kulitoka harufu ya kitunguu, nayo imeungua kidogo. Binti alikuwa mbele ya jiko, ametandaza vitu kila mahali, mwiko huku, mfuniko kule, na karatasi ile ya friji ameigeuza, ameandika nyuma yake vitu vya kununua sokoni.

Alishtuka kumwona mama yake. Akasimama kando ya sufuria, akangoja.

"Una kitambaa hapo?" alisema. "Sufuria ina moto."

Mama Mkasi akatia mkono mkobani, akatoa flana ya mkasi, akampa. Binti akaishikia sufuria, akaepua, akapakua maharage. Wakakaa mezani wote watatu. Mama Mkasi alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, polepole. Chumvi ilikuwa imepungua. Kitunguu kilikuwa kimezidi moto. Kikopo cha chumvi kilikuwa palepale kwenye rafu, anaweza kukifikia bila kuinuka, na mumewe alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho, na binti hakuwa bado amegusa chakula chake.

Alimaliza sahani yote. Kisha akaisukuma mbele.

"Niongezee," alisema.